Bakapu ya Dar ikae wapi? Uzi wa kupanga kituo cha pili cha data kabla ya janga

FundiMitambo (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Uzi huu ni kwa ajili ya wanaotunza seva za SACCOS, hospitali, shule, maghala na ofisi za kati, yaani zile sehemu ambazo mtu mmoja ndiye fundi, ndiye mhandisi, na ndiye anayepigiwa simu usiku mambo yakiharibika. Nazungukia sana ofisi za aina hiyo, na swali langu la kwanza huwa bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, iko wapi. Naambiwa "ipo." Nikiomba nionyeshwe, nakuta diski ya nje imechomekwa kwenye seva ile ile, au NAS (kisanduku cha diski kilicho kwenye mtandao wa ofisi) iliyo chumba cha jirani. Paa moja, umeme mmoja, mlango mmoja wa mwizi.

Ninachotaka kusema ni hiki: data muhimu lazima iwe na nakala mji mwingine, na nakala hiyo isiwe inaiga papo hapo kila kinachotokea kwenye seva kuu. Wengi wanaielewa nusu ya kwanza. Ile ya pili ndiyo inayowaumiza.

Tuanze na moto. Usiku wa kuamkia 10 Machi 2021, kituo cha data cha OVHcloud kilichopo Strasbourg, Ufaransa, kiliwaka. Jengo la SBG2 liliteketea lote, SBG1 likaungua sehemu, mengine mawili yakazimwa. Mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, akawaandikia wateja hadharani waanzishe mipango yao ya kujikwamua na majanga. Wengi hawakuwa na mpango wa kuanzisha. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta wa Rust walitangaza kwamba data ya seva zao za Ulaya zilizokuwa pale imepotea kabisa. Mteja mwingine, kampuni ya Bati Courtage, alikuwa amelipia hadi huduma ya bakapu, ikaja kubainika kwamba bakapu yenyewe ilikuwa imewekwa pale pale palipoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru alipwe zaidi ya yuro 100,000. Hukumu ni ya fedha. Data ilishakuwa majivu.

Msiseme hayo ni ya kampuni binafsi. Tarehe 26 Septemba 2025, betri za lithiamu zilishika moto kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, na mifumo 709 ya serikali ikasimama. Mmojawapo ulikuwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walikuwa wakihifadhi faili zao za kazi. Terabaiti 858 zikapotea, kwa sababu mfumo huo haukuwa na nakala ya nje. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ulikuwa mkubwa mno kuwekewa bakapu. Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu nchi zote duniani! Kwa hiyo mtu akiniambia "data yetu ni kubwa, haiwezi kuhamishwa," namwambia hiyo ndiyo sababu ya kuanza leo.

---

FundiMitambo

Naendelea na ile nusu ya pili.

Tuseme kituo cha pili kiko Dodoma. Kurudufisha ni kuhakikisha kinachoandikwa Dar kinaandikwa na kule Dodoma papo hapo. Bakapu ni kuweza kurudi kwenye hali ya jana, ya juzi, ya mwezi uliopita. Ukirudufisha tu, karani akifuta jedwali la wanachama kwa bahati mbaya, Dodoma nako linafutika sekunde hiyo hiyo. Kirusi cha kuteka data kikisimba faili zako Dar, yaani kikizigeuza zisisomeke bila ufunguo, Dodoma inapokea faili zilizosimbwa, tena inazipokea kwa uaminifu kabisa.

Mfano wangu mkubwa ni Maersk, ile kampuni ya meli ya Denmark ambayo makontena yake tunayaona kila siku bandarini. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kwenye mtandao wao kupitia programu ya uhasibu iliyokuwa ikitumika Ukraine. Walikuwa na seva zipatazo 150 duniani kote zinazotunza utambulisho na ruhusa za watumiaji. Seva hizo zilikuwa zinarudufishana zenyewe kwa zenyewe, kila moja ikihesabiwa kuwa bakapu ya mwenzake. Mpango mzima ulisimama juu ya dhana kwamba haziwezi kufa zote kwa mpigo. Zikafa zote kwa mpigo.

Ikabaki moja tu, Ghana. Umeme ulikuwa umekatika ofisi ile kabla kirusi hakijafika, seva ikawa imezimika na kutengwa na wenzake. Wakataka kuituma data Uingereza kwa mtandao, laini ikawa ndogo mno, ingechukua siku nyingi. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja wao apande ndege hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake diski kiwanja cha ndege, na huyo ndiye aliyeifikisha London. Kampuni ilisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yenyewe waliikadiria kati ya dola milioni 250 na 300.

Tazameni kilichowaokoa: nakala iliyokuwa mbali, isiyounganishwa wakati huo, iliyokuwa nyuma kidogo kwa wakati. Hali hiyo ndiyo tunayotakiwa kuitengeneza kwa makusudi.

---

Mhasibu_wa_Ilala

Mkuu nashukuru kwa uzi. Sisi ni SACCOS, makao makuu Dar, tuna tawi Dodoma. Mfumo wote na nyaraka zilizoskaniwa ni kama GB 400. Laini yetu ni Mbps 20. Fundi wetu anasema haiwezekani kutuma bakapu kila usiku. Ni kweli?

---

FundiMitambo

Mhasibu, fundi wako yuko sahihi kama anazungumzia kutuma GB 400 zote kila usiku. Piga hesabu: baiti moja ni biti nane, kwa hiyo GB 400 ni megabiti 3,200,000, na Mbps 20 ni megabiti 20 kwa sekunde. Gawanya kwa 20 unapata sekunde 160,000, yaani saa 44 na nusu, na hapo laini iwe safi na asitokee mtu wa kuitumia kwa kitu kingine. Usiku wenyewe una saa ngapi?

Lakini huhitaji kutuma zote. Nakala ya kwanza mnaibeba kwenye diski. Baada ya hapo mnatuma mabadiliko tu. SACCOS ya ukubwa wenu, ukijumlisha miamala na fomu zilizoskaniwa, tuseme kwa siku zinabadilika GB 6. Hizo kwa Mbps 20 ni dakika 40. Ikianza saa sita usiku, saa saba imeshamaliza.

Angalia kitu kimoja kabla hujamwamini aliyewauzia laini. Wengi wanauziwa Mbps 20 za kushusha, ilhali za kupandisha ni 5 au chini ya hapo. Bakapu inapanda. Pima kupandisha, pima usiku na mchana, halafu hesabu yako uifanye kwa namba ndogo kuliko zote ulizopata.

Sasa kubeba diski. Naomba hili mlifanye kwa adabu, maana diski moja ina majina, akiba na mikopo ya wanachama wote:

Diski isimbwe yote kabla ya kuwekewa chochote (kwenye Linux chombo cha kusimbia ni LUKS). Nywila isisafiri pamoja na diski. Ipelekwe kwa njia nyingine, kwa mtu mwingine. Kabla haijaondoka, toeni alama za uthibitisho za faili zote kwa sha256sum na kuzihifadhi Dar. Diski isitumwe kama kifurushi cha basi. Mtu wa ofisi aibebe mwenyewe. Siku hizi anapanda SGR asubuhi, na mchana huo huo yuko Dodoma anaiingiza kwenye seva. Akishanakili, azitoe tena zile alama na kulinganisha na za Dar. Zikitofautiana hata kwa faili moja, hiyo faili inakiliwe upya. Nimeshaona diski ikisoma vizuri kabisa huku faili mbili tatu ndani yake zimeharibika, na hakuna aliyejua mpaka siku zilipotakiwa.

---

Kaka_wa_Nyamagana

Fundi, mimi niko Mwanza, tawi la kampuni yenye makao makuu Dar. Bosi anataka "isipotee hata shilingi moja," kwa hiyo anataka kila muamala uandikwe Dar na Mwanza kwa wakati mmoja. Nimwambieje?

---

FundiMitambo

Mwambie inawezekana, ila atailipia kwa kasi ya mfumo, na gharama hiyo haipunguzwi kwa kununua seva kali zaidi.

Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila kilomita 100 za faiba zinakula milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Dar hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na faiba hainyooki kama kamba. Basi hata laini iwe bora kiasi gani, kila muamala unasubiri si chini ya milisekunde 11 mpaka Mwanza ijibu "nimeandika." Kwenye muunganisho mmoja, miamala ikifuatana mmoja baada ya mwingine, hutavuka 90 kwa sekunde. Ongeza ruta zilizoko njiani, inashuka tena. Na kuna jambo zito kuliko kasi: laini ya Mwanza ikikatika, seva ya Dar ifanye nini? Ikigoma kuandika, wateja wa Dar wamesimama dirishani kwa sababu ya mkonga uliokatwa na greda huko Shinyanga. Ikiendelea kuandika peke yake, basi ile ahadi ya "hata shilingi moja" imeshavunjika.

Ndiyo maana wanaorudufisha kwa kusubiriana huwa na vituo vilivyo jirani, makumi ya kilomita, na nakala ya mbali huipeleka bila kusubiri. Kwa kampuni kama yenu ningefanya ya kutosubiri. Mwanza ibaki nyuma kwa sekunde au dakika, na bosi aambiwe kinagaubaga kwamba siku ya janga dakika hizo zitapotea na zitajazwa kutoka kwenye stakabadhi za karatasi.

Kuna namba mbili ambazo bosi lazima aziandike kwa mkono wake mwenyewe. Ya kwanza: tuko tayari kupoteza data ya muda gani? Ya pili: tuko tayari kukaa muda gani bila mfumo? Kwenye vitabu wanaziita RPO na RTO. Bosi akijibu "sifuri na sifuri," mletee bei ya sifuri na sifuri. Nimeona mabosi wakishuka wenyewe hadi saa moja na saa nne bila kubishana.

---

PwaniMoja

Salaam kutoka Mombasa ndugu zangu. Nataka kuongeza kuhusu umbali. Huku kwetu kampuni nyingi zina seva Nairobi na bakapu Mombasa, kilomita 480 hivi, wanaona wamemaliza. Lakini tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ukaingia giza. Umbali haukusaidia chochote, gridi ni moja. Na mtu anayechukua laini mbili kutoka kampuni mbili aulize kama zote hazipiti mtaro mmoja. Mara nyingi zinapita.

---

FundiMitambo

PwaniMoja umegonga penyewe, asante sana. Swali siyo kilomita ngapi. Swali ni je, kuna tukio moja linaloweza kuviangusha vituo vyote viwili? Mafuriko ya bonde la Msimbazi hayafiki Dodoma, hapo umbali umesaidia. Gridi inafika kote, kwa hiyo kila kituo kiwe na jenereta na mafuta yake, na jenereta iwashwe kila wiki ikiwa imebeba mzigo. Kuiwasha tupu hakukuambii chochote. Bukoba walipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, nyumba nyingi zikaanguka. Anayefikiria Kanda ya Ziwa kama kituo cha pili aulize jengo limejengwaje. Na mtu mmoja mwenye nywila ya msimamizi wa vituo vyote viwili naye ni tukio moja. Hilo wengi hawalihesabu.

---

Jasiri2015

Mkuu mbona mnajitesa? Wekeni kila kitu kwenye wingu Ulaya au Marekani, mlipe kwa mwezi, mlale. Mambo ya kununua seva ya Dodoma ni ya zamani.

---

FundiMitambo

Jasiri, sipingi wingu. Kwa ofisi ndogo isiyo na tawi mkoani, wingu ni bora mara kumi kuliko diski iliyo kabatini. Ila fikiria 12 Mei 2024. Mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Sasa fikiria seva yako imeungua wiki hiyo hiyo, na nakala pekee iko Frankfurt. Data ipo salama kabisa, ila huwezi kuifikia kwa kasi ya maana. Dar na Dodoma zinaunganishwa na mkonga wa taifa, uko nchi kavu, haujali kilichotokea chini ya bahari.

Lakini thibitisha. Kama Dar una kampuni moja ya intaneti na Dodoma nyingine, fanya traceroute (amri inayoonyesha njia ambayo data inapita) kati ya seva zako. Pakiti zako, yaani vipande vya data, zinapaswa kubadilishana hapa hapa nchini. Ukiona zinatoka, zinazunguka Ulaya na kurudi, milisekunde mia na kitu, basi kituo chako cha Dodoma nacho kinategemea mkonga wa baharini bila wewe kujua. Wabane watoa huduma wako wabadilishane hapa ndani.

Mimi ningeweka kama yule mpiga picha Peter Krogh alivyofundisha, nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya eneo, na wingu ningelifanya kuwa la tatu, baada ya Dodoma.

---

Nesi_Mkuu

Kaka FundiMitambo, niko hospitali ya binafsi, nasimamia kitengo cha kumbukumbu, mtu wetu wa kompyuta ni kijana wa mkataba. Data za wagonjwa zina sheria. Naruhusiwa kuzipeleka tawi la mkoa mwingine? Na nje ya nchi? Halafu nani anashika ufunguo wa kufungulia bakapu iliyosimbwa? Hili la ufunguo linaninyima usingizi.

---

FundiMitambo

Shikamoo dada, maana wasimamizi wa kumbukumbu wengi ni wakubwa zangu. Maswali yako yote ni ya msingi.

Sheria yetu ni ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya sheria hiyo. Tawi lenu la mkoa mwingine bado ni taasisi ile ile ndani ya nchi, kwa hiyo kinachotakiwa ni ulinzi ule ule mlionao makao makuu: mlango, kumbukumbu za nani kaingia, usimbaji. Kuzitoa nje ya nchi kuna masharti yake, na kabla ya hatua hiyo mwanasheria wenu asome na hospitali iwasiliane na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ndugu zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 yenye masharti yanayofanana. Usiruhusu fundi aamue peke yake kwa sababu wingu fulani lina bei nzuri.

Ufunguo sasa. Bakapu isimbwe kabla haijatoka makao makuu, ili anayeikuta njiani au kwenye tawi asisome jina la mgonjwa. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni ufunguo kukaa kwenye seva ile ile inayosimbwa na si kwingine. Seva ikiungua, ufunguo umeungua, na Dodoma mna terabaiti za herufi zisizosomeka milele. Uchapishwe kwenye karatasi, utiwe bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri na kusainiwa, moja kwenye sefu ya hospitali na nyingine sefu ya benki au kwa mjumbe wa bodi anayeishi mbali. Kijana wa mkataba asiwe pekee anayeujua. Akiondoka, mnabadilisha. Nakusihi hili ulifanye wiki hii, hata kabla ya seva ya pili.

---

Msukule_wa_Linux

Mimi nimeshaweka rsync (programu ya kunakili faili) kwenye cron (ratiba ya seva), kila saa inapeleka folda yote ya kanzidata ya MySQL kwenda Arusha, na nimeweka --delete ili pande zote zifanane. Nimemaliza, au?

---

FundiMitambo

Bado kaka, na usicheleweshe kurekebisha.

Kwanza, unanakili faili za kanzidata huku kanzidata inaandika. Rsync inasoma mwanzo wa faili saa nane kamili na mwisho wake saa nane na dakika tatu, katikati miamala imepita. Arusha kuna faili zenye ukubwa sahihi na majina sahihi ambazo huenda MySQL ikakataa kuzifungua. Tumia mysqldump --single-transaction (amri ya MySQL ya kutoa nakala) kwa majedwali ya aina ya InnoDB, au zima huduma kwanza, au piga snapshoti ya mfumo wa faili, yaani picha ya faili zote zilivyo wakati huo, na unakili kutoka kwenye snapshoti. Kinachosafiri kiwe kitu kilichotulia.

Pili, --delete bila matoleo ya nyuma ndiyo Maersk. Kilichofutwa Dar kinafutwa Arusha ndani ya saa moja. Kule Arusha weka mfumo wa faili wa ZFS au Btrfs upige snapshoti kila baada ya rsync kumaliza: za kila saa ubaki nazo siku mbili, za kila siku mwezi mmoja, za kila mwezi mwaka. Nafasi haitumiki sana kwa sababu snapshoti inashika tofauti tu.

Tatu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, nani anamsukumia nani? Kwako Dar inasukuma, maana yake Dar ina ufunguo wa SSH (njia ya kuingia seva ukiwa mbali) wa kuandika na kufuta Arusha. Mvamizi akiishika Dar, ameshika na Arusha. Geuza. Arusha ivute. Arusha iwe na ufunguo wa kusoma tu kutoka Dar, na Dar isiwe na njia yoyote ya kuingia Arusha. Nywila za Arusha zisiwe kwenye kivinjari cha kompyuta yako ya ofisini. Seva ya Arusha isijiunge na mfumo ule ule wa watumiaji wa makao makuu.

Wanaotumia Proxmox Backup Server wana kazi hii tayari ndani yake: kituo cha pili kinavuta kutoka cha kwanza kwa ratiba. Kuna kisanduku kinachouliza kama vilivyotoweka upande wa kwanza viondolewe na upande wa pili. Msikitie alama. Kila kituo kijipangie chenyewe muda wa kutunza.

Na mwenye kanzidata ya PostgreSQL asikilize hili, ni zuri sana. Seva ya kurudufishwa inaweza kuambiwa ipokee mabadiliko yote papo hapo lakini isiyatekeleze mpaka muda fulani upite. Mpangilio wenyewe ni recovery_min_apply_delay. Ukiweka saa sita, mtu akiandika DELETE bila WHERE (amri ya kufuta bila kutaja nini kifutwe, basi vyote vinafutika) saa kumi jioni, Dodoma haitaitekeleza mpaka saa nne usiku. Una saa sita za kuisimamisha na kuchukua data yako ikiwa nzima.

---

Binti_Kilosa

Swali la mwisho kutoka kwangu mkuu. Tunajuaje kwamba inafanya kazi? Kila asubuhi barua pepe inasema bakapu imefanikiwa.

---

FundiMitambo

Binti Kilosa, barua pepe inakwambia programu imemaliza kazi. Kurejesha kunakwambia una data.

GitLab, kampuni ya watu wanaojua kazi hii, tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao akiwa anahangaika na urudufishaji uliokwama alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya pili. Kati ya takriban GB 300 zilibaki 4.5. Wakaenda kwenye bakapu. Ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi, kwa sababu programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 na kanzidata ilikuwa 9.6. Barua pepe za kutangaza kushindwa zilikuwa zinatumwa, zikikataliwa na seva ya barua. Kimya kikachukuliwa kuwa ni usalama. Waliokolewa na snapshoti ambayo mhandisi alikuwa ameipiga saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Wakaeleza yote hadharani, na kwa hilo nawaheshimu mno.

Kwa hiyo, kila robo mwaka, chagueni siku. Kijana mwingine, siyo aliyejenga mfumo, apewe karatasi ya maelekezo na seva tupu Dodoma. Arejeshe. Mhasibu afungue ripoti ya wanachama watano aliowachagua mwenyewe na kulinganisha salio na la Dar la siku hiyo ya bakapu. Mtu mmoja ashike saa. Muda uliopatikana uandikwe, ulinganishwe na ile namba ya bosi. Ikizidi, bosi aambiwe siku hiyo hiyo. Na kila palipokwama, maelekezo yaandikwe upya papo hapo, kijana akiwa bado amekaa pale.

---

Mhasibu_wa_Ilala

Tumeelewana mkuu, naanza na diski. Ila tuseme Dar imekufa, tumehamia Dodoma, baada ya wiki Dar imepona. Tunarudije?

---

FundiMitambo

Polepole, na kwa mpangilio. Hatari kubwa ni fundi kuiwasha seva ya zamani ya Dar ikiwa imeunganishwa na mtandao. Ikiamka itajiona bado ndiyo kuu, matawi mengine yataiona, yataanza kuandika kwake, na sasa mna seva mbili zenye akaunti zile zile na salio tofauti. Kuzipatanisha ni kazi ya mkono, muamala kwa muamala.

Kwa hiyo Dar iwashwe waya wa mtandao ukiwa umechomolewa. Data yake ya zamani inakiliwe pembeni kwa ajili ya ile miamala ya dakika za mwisho ambayo haikuwahi kufika Dodoma. Hiyo mtaipitia na mhasibu mkuu mkiwa na stakabadhi mkononi. Kisha seva isafishwe, ianzishwe upya kama mfuasi wa Dodoma, ipokee kila kitu kutoka huko mpaka ilingane. Acheni ikae hivyo siku kadhaa. Halafu chagueni Jumapili usiku, fungeni mfumo kwa watumiaji wote, hakikisheni muamala wa mwisho wa Dodoma umeonekana Dar, badilisheni majukumu, na Dodoma irudi kuwa inayovuta. Jumatatu asubuhi, kabla ya dirisha kufunguliwa, mtu apige snapshoti pande zote mbili.